Redio inasikia, lakini haisikiki

Dereva mmoja wa watalii aliniletea Land Cruiser yake hapa Arusha jioni, na alfajiri alikuwa anapanda Ngorongoro. "Fundi, wenzangu wote nawasikia, ila mimi nikiongea hakuna anayenijibu. Nimeambiwa redio imeungua, ninunue nyingine." Kwenye simu za upepo za magari, lalamiko hili ndilo ninaloletewa zaidi, na mara nyingi redio yenyewe huwa nzima kabisa.

Aliyemwambia imeungua alipima umeme nyuma ya redio, akakuta volti 13.6, akaridhika. Kosa ni kwamba alipima redio ikiwa kimya. Redio ya wati 50 ikisikiliza inakula chini ya ampea 1, lakini ukibonyeza kitufe cha maiki inavuta ampea 10 au zaidi. Waya wenye hitilafu unapitisha kile kidogo bila shida. Ukidaiwa kikubwa ndipo unapozidiwa.

Nikaacha injini inanguruma, nikashika mita nyuma ya redio, nikamwambia abonyeze. Volti zikaporomoka kutoka 13.6 hadi 9.7 na mwanga wa kioo cha redio ukafifia. Nikahamia kwenye betri, akabonyeza tena: 13.8, haikutikisika. Maana yake volti nne zilikuwa zinapotelea njiani.

Tukaufuata waya wa chanya kwa mkono hadi kwenye fyuzi iliyo karibu na betri. Mguu mmoja wa fyuzi ulikuwa na kutu ya kijani, na plastiki ya upande huo imelainika kwa joto. Ukinzani wa omu 0.4 tu ukipitiwa na ampea 10 unameza volti 4. Na omu 0.4 ukiipima kwa mita ya kawaida utadhani ni waya za mita yenyewe. Ndiyo maana nasisitiza: redio ya gari ipimwe ikiwa inaongea.

Nikabadilisha kishikio cha fyuzi, lakini gari sikuliachia. Nilifunga mita ya mawimbi yanayorudi kati ya redio na antena, ikasoma 2.8, mimi nataka chini ya 1.5 (ikisoma 1 maana yake hakuna kinachorudi). Antena hizi za VHF (masafa ya simu hizi za upepo) ni fimbo ya karibu nusu mita, na bodi ya gari ndiyo nusu yake ya pili. Gari lilikuwa limepigwa rangi upya, na bracketi ya antena ikafungwa juu ya rangi. Nikaipiga msasa sehemu ile mpaka chuma kikang'aa, nikakaza nati, ikashuka hadi 1.3.

Tafadhali usibonyeze kuongea antena ikiwa imechomolewa. Nguvu isiyo na pa kutokea inarudi kwenye transista za mwisho, zile zinazosukuma mawimbi kwenda kwenye antena, na hapo redio itaungua kweli.

Kama volti na antena viko sawa, azima maiki ya gari jingine lenye redio ya aina ileile kabla hujafungua chochote. Waya wake wa kujikunja hukatikia ndani, hasa pale unapoingia kwenye maiki, na kwa nje huoni kitu. Na kama shida ni mvumo unaofunika sauti za wenzako, anza kwa kuchomoa zile chaja za simu za bei rahisi zinazochomekwa kwenye kiberiti cha gari.