Uzi wa Begani: Mtoto wa Kihindu Anapotiwa Chuoni

Uzi mwembamba wa pamba unaoonekana kwa baadhi ya wanaume wa Kihindu, umepita bega la kushoto na kushukia ubavu wa kulia, watu wengi huudhania hirizi. Kazi yake ni nyingine kabisa. Ni alama kwamba mwenye kuuvaa ameshatiwa chuoni, kama wanavyosema watu wa pwani: amekabidhiwa kwa mwalimu ajifunze maandiko ya dini.

Sherehe yenyewe huitwa upanayana. Uzi huo Wagujarati, ambao ni wengi kati ya Wahindu wa Afrika Mashariki, huuita janoi. Vitabu vya kale vilipanga umri wa kuvishwa kwa tabaka: miaka 8 kwa mtoto wa Brahmini (makuhani), 11 kwa Kshatriya (watawala na askari), 12 kwa Vaishya (wafanyabiashara na wakulima). Leo tarehe huamuliwa zaidi na likizo ya shule, na wapo wanaovishwa siku ya kuamkia harusi, ilimradi jambo litimie.

Mtoto hunyolewa, huogeshwa, kisha huketishwa mbele ya moto. Uzi una nyuzi tatu zilizofungwa fundo moja. Wazee wengi hufasiri kuwa ni madeni matatu ya mwanadamu: kwa miungu, kwa wahenga waliopokea maarifa, na kwa mababu. Halafu baba na mwana hufunikwa shuka moja, na humo ndani baba humnong'oneza Gayatri, ubeti wa Rigveda, mojawapo ya Veda, maandiko ya kale ya Kihindu, unaomwomba Savitri, mungu wa jua, aziamshe akili zetu. Akitoka, mtoto hushika fimbo na bakuli akaombe. Wa kwanza kuombwa ni mama yake, naye humtilia mchele. Zamani mwanafunzi aliishi kwa mwalimu na kula cha kuomba, hata kama kwao ni matajiri. Siku hizi bakuli hujaa noti na peremende, na mpiga picha humtaka mama arudie kutia.

Mvutano mkubwa ni kuhusu nani ana haki ya kuvaa. Kwa karne nyingi Washudra, tabaka la chini la watumishi, na wanawake waliachwa nje. Mwaka 1674 Shivaji, mtawala wa Wamaratha wa magharibi ya India, alipotaka kutawazwa kwenye ngome yake ya Raigad, Mabrahmini walimpinga wakidai si Kshatriya. Ikabidi aitwe mwanachuoni Gaga Bhatt wa Varanasi. Shivaji, mtu mzima aliyepita miaka 40 na mwenye watoto, akavishwa kwanza uzi ndipo akavishwa taji. Mwaka 1875 Dayananda Saraswati, mwanamageuzi wa dini ya Kihindu, alianzisha jumuiya ya Arya Samaj mjini Mumbai, akafundisha kwamba elimu ya Veda ni ya watu wote. Jumuiya hiyo, iliyofika Nairobi mwaka 1903, huwavisha uzi hata wasichana. Mimi naona hao ndio walioirudisha sherehe kwenye shabaha yake, ingawa Wahindu wengi wa mapokeo hawatakubaliana nami.

Kwa wauguzi na walimu: anayeshika desturi hii hauvui uzi ovyo, na wengi huubadilisha mara moja kwa mwaka, siku ya mwezi mpevu katika Shravana, mwezi wa kalenda ya Kihindu, kwa kawaida Agosti. Mgonjwa akiwa nao usichukue mkasi. Muulize yeye au nduguze. Mara nyingi unaweza kusogezwa tu, na ikilazimu kuuondoa, huvishwa mwingine baadaye kwa sala fupi.