Ada ya urahisi kwenye kasino ya meli: ni nini, na unaiepukaje

Ada ya urahisi ni makato ambayo kasino ya meli ya kitalii hukutoza unapochukua chipu, yaani vidonge vya kuchezea badala ya pesa, au unapoweka salio kwenye mashine, kwa kuchaji akaunti ya chumba chako badala ya kulipa pesa taslimu. Katika kampuni nyingi kubwa huwa kati ya asilimia 3 na 5 ya kiasi ulichochukua. Haihusiani kabisa na kushinda wala kuliwa. Tuseme ada ni asilimia 5 na umechaji dola 200: bili yako imeshaandikwa dola 210 kabla hujaweka dau lolote. Ukibadili mawazo dakika tano baadaye na kurudisha chipu zote kwa keshia, utapewa dola 200. Zile 10 zimekwenda. Kwa bei ya dola ya siku hizi, takriban shilingi 129, hizo ni shilingi 1,290, na hujacheza.

Mtu wa Kisumu anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu zaidi ya anavyodhani. Wazazi wengi kutoka huku kwetu wanaokwenda Marekani kuwatembelea watoto wao hupelekwa matembezi ya meli ya siku nne au tano, kutoka Miami, Galveston au bandari nyingine. Ni zawadi nzuri, mtoto ameshalipa tikiti, na mzazi anaambiwa ajifurahishe. Kisha siku ya kushuka bili inakuja, na hakuna aliyemweleza mama wa watu jinsi pesa inavyotembea ndani ya chombo kile. Wapo pia vijana wetu wanaoajiriwa melini. Hao kwa kawaida hawaruhusiwi kucheza kwenye kasino ya meli wanayofanyia kazi, lakini ndio wanaopigiwa simu kutoka nyumbani wakiulizwa mambo haya.

Pesa ndani ya meli inaenda hivi. Unapopanda unapewa kadi ya chumba. Inafungua mlango wako, na hiyohiyo ndiyo inayonunua soda, picha, shati la ukumbusho na masaji. Nyuma ya kadi hiyo kuna akaunti, na akaunti imeunganishwa na kadi ya benki, au na pesa taslimu ulizoweka kama amana pale mapokezi. Baa na maduka ya melini hayapokei noti. Kasino ndiyo sehemu inayopokea kadi ya chumba na noti pia. Dirisha la keshia lipo, na mezani ukiweka noti ya dola 50 mchezeshaji ataihesabu mbele yako na kukupa chipu za dola 50, pasipo makato. Jambo hili halitangazwi kwa herufi kubwa. Mashine inakukaribisha uingize kadi ya chumba, ubonyeze namba ya siri na uchague kiasi. Taarifa ya ada hutokea kwenye kioo, lakini mtu aliyekuja kucheza huibonyeza ipite.

Ni haki kueleza kwa nini ada hii ipo, maana si wizi mtupu. Kila unapolipa kwa kadi ya benki, kampuni ya kadi na benki humkata mwenye biashara asilimia fulani. Anayekuuzia soda ya dola 4 anaweza kubeba makato hayo, kwa sababu soda yenyewe haikumgharimu dola 4. Lakini chipu ya dola 100 inauzwa kwa dola 100 kamili na unaweza kuirudisha ukalipwa dola 100, kwa hiyo hakuna faida pale ya kufidia makato. Halafu kuna watu waliokuwa wakichaji chipu nyingi kwenye chumba, wakizibadilisha ziwe noti bila kucheza, ili tu kadi zao za benki ziwape pointi za zawadi. Ada iliua ujanja huo. Kwa hiyo sababu ya mwenye meli naielewa. Ninacholalamikia ni kwamba inambebesha hata bibi aliyetaka kucheza dola 20 tu kabla ya kulala, ilhali noti alikuwa nazo kwenye mkoba.

Sasa, kuna aina mbili za makato melini na watu huzichanganya. Fikiria wakala wa M-Pesa pale Kondele. Ukitoa shilingi 200 unakatwa 29. Ukitoa 1,000 unakatwa 29 zilezile. Kwa hiyo mwenye akili hatoi mia mbili mara tano. Anatoa elfu moja mara moja. ATM ya melini inafuata mtindo huo: ina ada isiyobadilika ya dola kadhaa kwa kila utoaji, iwe umetoa 40 au 400, na benki yako nayo inaweza kuongeza yake. Ukilazimika kuitumia, itumie mara moja tu na utoe za safari nzima. Ada ya urahisi haifuati mtindo huo. Inakwenda kwa asilimia, hivyo kuchukua kidogo kidogo hakukupunguzii kitu na kuchukua nyingi kwa pamoja hakukuokoi. Dawa yake ni kutoigusa kabisa.

Ukubwa wake huonekana vizuri ukiulinganisha na kile ambacho kasino inatarajia kukula katika mchezo wenyewe. Gurudumu la ruleti lenye sifuri mbili, ambalo ni la kawaida kwenye meli za Marekani, lina vyumba 38 vya namba ambamo mpira unaweza kutua, lakini hulipa kana kwamba vipo 36. Hapo mwenye kasino anajiwekea wastani wa asilimia 5.26 ya kila dau. Gurudumu lenye sifuri moja lina vyumba 37, na fungu lake ni asilimia 2.7. Karata za ishirini na moja, zikichezwa na mtu anayejua anachofanya kwenye meza yenye masharti mazuri, humwachia chini ya asilimia 1. Sasa chukua ile ada ya dola 10 uliyokatwa kwa kuchaji 200. Ni sawa na wastani wa kile ambacho gurudumu la sifuri mbili lingekula kwenye madau 19 ya dola kumi kumi. Umelipa bei ya kucheza mara 19 kabla mpira haujazunguka. Na yule wa karata amelipa mara kadhaa ya kile ambacho mchezo wenyewe unamdai kwa dola hizo 200. Ni kweli kwamba fungu la kasino hurudi kwa kila dau na ada hukatwa mara moja tu kwa kila uchukuaji, kwa hiyo anayecheza usiku kucha ataliwa zaidi na meza kuliko na ada. Lakini meza angalau inakupa nafasi ya kushinda. Ada haikupi.

Wanaobeti hapa nyumbani wanajua mfumo wa kukatwa pesa inapoingia tu. Tangu Julai 2025, sheria ya fedha ya Kenya inakata ushuru wa asilimia 5 pesa inapowekwa kwenye akaunti ya kubeti, na asilimia 5 nyingine inapotolewa. Tofauti ni kwamba ule ni ushuru wa serikali na huna pa kupitia. Huu wa melini una mlango wa pembeni, nao ni noti.

Basi beba noti. Kabla ya safari amua kiasi ambacho kikiisha chote hutalala vibaya, kibadilishe kiwe dola benki au kwenye duka la kubadilishia pesa lenye leseni ya Benki Kuu, na ukiweke kwenye bahasha peke yake. Uliza bei sehemu mbili tatu mjini. Ukinunua dola 300, tofauti ya shilingi mbili kwa dola ni shilingi 600. Ukiwa melini, bahasha ikae kwenye sefu ndogo ya chumbani, na kila usiku toa za usiku huo tu. Zikiisha, mchezo wa siku hiyo umeisha. Hii ndiyo faida ya noti ninayoithamini hata kuliko kukwepa ada: noti hukwisha mkononi ukiona. Kadi ya chumba haikwishi, na nimeona watu waangalifu kabisa wakipoteza hesabu kwa sababu hiyo. Kuhusu mpakani, kanuni ni rahisi: Kenya inataka utangaze ukibeba taslimu za dola 10,000 au zaidi, na Marekani inataka familia itangaze zikizidi 10,000 kwa jumla. Kuzibeba si kosa. Kosa ni kunyamaza.

Usitegemee kadi ya kawaida ya benki ya huku, ile inayokata moja kwa moja kwenye akaunti yako. Meli huomba benki izuie kiasi fulani kila siku kama dhamana, na pesa hizo zinaweza kubaki zimefungwa siku kadhaa hata baada ya bili kulipwa. Mtu anashuka, anataka kununua chakula uwanja wa ndege, kadi inakataa, na salio lipo. Halafu akaunti ikiwa ya shilingi, benki hugeuza dola kwa bei yake yenyewe, iliyo juu ya ile uliyoiona dukani. Kama huna kadi ya mkopo, weka amana ya taslimu mapokezi siku ya kwanza. Kisichotumika utarudishiwa mwishoni.

Mama mdogo wangu wa Kakamega alipelekwa safari ya namna hii na binti yake, ambaye ni muuguzi karibu na Houston. Alirudi na bili ameikunja vizuri ndani ya pasipoti, akaniletea. Karatasi ilikuwa na mistari mingi mifupi: 20.00, chini yake 1.00, kisha 20.00 tena, chini yake 1.00. Mistari hiyo ilijirudia mara saba katika usiku mbili. Akaniwekea kidole juu ya zile moja moja. "Mwanangu, hizi ishirini nazijua, nilicheza mwenyewe. Hizi nyingine nani alizicheza?" Nilimweleza. Dola 7 si msiba, naye hakulia. Kilichomuudhi ni kwamba wakati huo wote alikuwa na dola 150 za noti kwenye mkoba, alizoambiwa azihifadhi kwa sababu melini pesa taslimu haifanyi kazi. Aliyemwambia alisema kweli kuhusu baa na maduka, akaisahau kasino. Sasa mama mdogo ana daftari la safari, na watu wa kanisani kwake wanaojiandaa kusafiri humwendea yeye kwanza. Mali bila daftari huisha bila habari, husema, akiwaonyesha ukurasa ule.

Kitu kingine kidogo: ukiletewa kinywaji ukiwa unacheza, kwa kawaida kinaandikwa kwenye chumba pamoja na bahashishi ya lazima, mara nyingi asilimia 18 hadi 20. Usidhani ni cha bure kwa sababu umekaa kwenye mashine.

Kutoka nako kuna utaratibu wake. Kasino za meli hufanya kazi chombo kikiwa baharini, nje ya maji ya nchi, ambayo kwa nchi nyingi huishia maili 12 za baharini, yaani kilomita 22 hivi. Bandarini kwa kawaida hufungwa. Usiku wa mwisho kwa hiyo ndio mwisho kweli: asubuhi meli imefunga gati na dirisha la keshia halifunguki. Chipu iliyobaki mfukoni haitumiki kwingine, na salio lililobaki ndani ya mashine au kwenye upande wa kasino wa kadi yako halihamii lenyewe kwenye akaunti ya chumba. Nenda kwa keshia mapema usiku huo, kabla foleni haijawa ndefu, ubadilishe kila kitu kiwe noti. Ukipenda, peleka noti hizo mapokezi upunguze bili ya chumba; hilo halina ada, na linakuepusha na bei ya benki ya kugeuza dola kuwa shilingi kwa kiasi hicho.

Zinazobaki za kurudi nazo nyumbani, mwombe keshia akupe noti za mia mia au hamsini hamsini, safi, zisizo na mpasuko wala maandishi, na za toleo jipya. Maduka mengi ya kubadilisha pesa, Kisumu na Nakuru vilevile, hutoa bei ya chini kwa noti za dola moja, tano na kumi, na za zamani au zilizochakaa wanaweza kuzikataa. Keshia wa meli anazo nyingi za kila aina na hatakutoza kwa kukuchagulia.