Tembo wa Thailand hachori kutoka kichwani mwake

Video ya tembo wa Thailand anayeshika brashi kwa mkonga na kuchora tembo mwenye ua imerudi tena kwenye magrupu, na maneno yaleyale: mnyama huyu anajichora mwenyewe, hakuna aliyemwelekeza.

Brashi anaishika kweli, na mistari anaichora yeye. Wazo la picha ndilo si lake.

Itazame tena, ila safari hii achana na karatasi, mwangalie mtunzaji aliyesimama ubavuni. Mkono wake uko kwenye sikio la tembo. Akilivuta juu au chini, mstari unapanda au kushuka. Akilivuta kando, nao unakwenda kando. Mara nyingi kamera huelekezwa kwenye brashi tu, sikio halionekani. Kisha tafuta video nyingine ya tembo huyohuyo: ua ni lilelile, mahali palepale.

Tunachanganyikiwa kwa sababu tembo ana akili kwelikweli. Mwaka 2006, huko New York, tembo mmoja wa Asia aliyewekewa alama juu ya jicho alijitazama kwenye kioo, akaigusa alama ile kwa mkonga mara kadhaa. Lakini kujitambua si kuchora.

Kinachoniuma mimi ni kile ambacho video haionyeshi. Tembo wengi wa maonyesho hutenganishwa na mama zao wangali wadogo, wakafungwa na kuchomwa kwa ndoano ya chuma mpaka watii. Mtalii anaona kipaji, kumbe ni amri. Ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze. Mwambie aliyekutumia aangalie sikio.