Starlet GT Turbo iliyolala miaka: kabla ya kuwasha, kagua mipira na "maujanja" ya wenye gari waliopita

Gari ikilala muda mrefu kila mtu anaogopa injini kushika. Mimi kwa hizi Starlet za tabo, yaani kile kifaa cha kusukumia injini hewa kwa presha, hilo halinipi wasiwasi sana, kwa sababu ikishika utajua siku hiyo hiyo, kabla hujatoa hela. Ninachoogopa ni ile inayowaka vizuri, inaunguruma safi, mwenyewe anafurahi anapiga video anarusha statasi, halafu siku ya kwanza ya kukanyaga kwenye barabara nyeupe inatoboa pistoni. Na ukifungua kutafuta sababu unakuta siyo miaka iliyoiua, ni miaka kuchanganyika na vitu alivyofunga mtu zamani akaondoka bila kuacha maelezo.

Niliyonayo gereji sasa hivi ni EP82 GT Turbo nyeupe, ilikuwa Tanga nyumbani kwa mama wa mwenye gari, imekaa bandani tangu mwenyewe alivyokwenda Muscat kutafuta maisha. Kila alipokuwa akinipigia swali lilikuwa moja tu, "fundi, imewaka?" na mimi jibu langu lilikuwa moja, "kaka tulia, bado sijaiwasha na sina haraka."

Kwa wasioijua, hii siyo ile Starlet ya kawaida iliyojaa mitaani. EP82 GT Turbo ilitoka Japani mwisho wa 1989 ikatengenezwa mpaka 1995, milango mitatu tu, boneti ina lile domo la kuingiza hewa maana intakula yake, yaani ile rejeta ya kupoza hewa ya tabo, imelala juu ya injini. Ndani kuna injini ya 4E-FTE, cc 1331, valvu 16, na nguvu za farasi 135. Ndugu yake ya kawaida yenye 4E-FE, cc zile zile, ina kama 100. Sasa chukua hizo 135 uweke kwenye gari ya kilo mia nane na kitu, utaelewa kwa nini vijana waliitafuta sana na kwa nini nyingi ziliishia kwenye miti. Baadaye ikaja Glanza V, EP91, kuanzia 1996 mpaka 1999, injini ni hiyo hiyo ikiwa imerekebishwa kidogo, kwahiyo ninayosema hapa mengi yanaihusu na yenyewe.

Haya, tuanze na mafuta maana watu wengi wanaharibu hapo. Petroli iliyokaa miaka siyo petroli tena, inanuka kama vanishi ya fanicha, na kweli ndicho inachogeuka, inaacha utando wa gundi kwenye kila ilipopita. Usiongezee mpya juu yake eti itachanganyika! Mwaga yote, shusha tenki, angalia ndani kwa tochi. Za pwani hizi tenki ikiwa nusu tupu ule unyevu unagandia kwenye bati la juu, kutu inaanzia hapo inadondokea chini, na kile kichujio kidogo cha pampu kinaziba. Pampu yenyewe ya zamani mara nyingi imeshika, na hata ikizunguka mimi siiamini, naweka mpya kwa sababu pampu dhaifu kwenye gari isiyo na tabo inakufanya utembee taratibu tu, kwenye gari ya tabo inakuvunjia injini. Nozeli zote nne natoa napeleka kwenye mashine ya kuosha ile ya mawimbi ya sauti, halafu zipimwe zote pamoja kwenye vikombe, zikimwaga sawa ndio narudisha na orings mpya. Mtu akikwambia amezisafisha kwa kupuliza kompresa mwambie asante, halafu zipeleke mashine.

Injini yenyewe: plagi zote nje, unamimina oili nyepesi kidogo kwenye kila silinda, unaiacha ilale. Kesho yake unazungusha kwa mkono na spana kwenye puli ya krenki, kwa upande inaozungukia, taratibu, na ukihisi imegoma usilazimishe. Ikizunguka mara kadhaa bila kelele, mwaga oili ya zamani, weka oili mpya na filta mpya. Halafu chomoa fyuzi ya EFI, yaani mfumo wa umeme wa kumwaga petroli, plagi zikiwa bado nje, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Hii siyo mbwembwe, shafti ya tabo inaelea kwenye oili, sasa ukiwasha kavu kavu inazunguka maelfu kwa maelfu bila kitu katikati ya chuma na chuma. Na hapo hapo mpira wa kuingiza hewa ukiwa umetolewa, shika ncha ya shafti uitikise. Kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, ile nafasi ni ya oili. Kuvuta na kusukuma ikicheza, au mabawa yana alama za kugusa ukuta, basi hiyo tabo imekwisha, usijidanganye.

Taiming belti unabadilisha, hakuna mjadala. Toyota waliandika kilomita 100,000 lakini mpira unazeeka hata gari ikiwa imesimama, hizo kilomita za kwenye dashibodi hazihesabu miaka ya bandani.

Sasa tuje kwenye yenyewe.

4E-FTE haina kile kifaa cha kupima hewa inayoingia. Ina sensa ya MAP, inasoma presha ndani ya manifoldi kupitia kampira kembamba, halafu kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inapiga hesabu ya petroli kutokana na hiyo presha. Kwahiyo hesabu yote ya mafuta ya hii gari inapita kwenye kampira ambako ukienda dukani unauziwa kwa futi. Kampira hako kamekaa karibu na joto la tabo, halafu kakalala miaka, kamekauka, ukikakunja kanapasuka. Ikiwa mafuta hayajakanyagwa, yaani injini inajizungukia taratibu, ufa mdogo unaweza usione kitu zaidi ya mzunguko kupanda na kushuka. Lakini ukikanyaga, presha inavujia kwenye ufa, sensa inasoma presha ndogo kuliko iliyopo, kontroli boksi inamwaga petroli kidogo, hewa ni nyingi, joto linapanda, pistoni inaanza kugongwa na mlipuko wa mapema. Na huko barabarani wewe unaona gari inavuta vizuri tu.

Mpira wa pili ni ule unaotoka kwenye nyumba ya tabo kwenda kwenye kile kikopo cha westigeti. Kazi ya kikopo ni kupokea presha na kufungua mlango wa moshi ili tabo isizidi kipimo. Ukipasuka huo mpira kikopo hakipati taarifa, mlango haufunguki, na presha inapanda mpaka pale kitu kingine kitakapoamua. Kiwandani hicho kitu kingine kilikuwepo, kontroli boksi ikiona presha imezidi inakata petroli, gari inashtuka kama imegonga tuta, unatoa mguu, injini imepona. Wajapani hawakuwa wajinga.

Ila sasa vijana wa miaka ile walichukia kule kukatiwa petroli. Wakafunga kiboksi kidogo kwenye waya wa sensa ya MAP, kazi yake kuidanganya kontroli boksi, presha ikifika kiwango fulani ile volti haipandi tena, kwahiyo kontroli boksi haijui kama kuna zaidi. Na kwenye mpira wa westigeti wakaweka valvu ya kuvujisha ili kikopo kipokee presha pungufu na tabo iende juu. Ukiangalia kimoja kimoja siyo jambo la kutisha, gari nyingi zilitembea hivyo zikiwa mpya mpya na mipira mizima na petroli nzuri. Lakini jumlisha uone: valvu ya kuvujisha ambayo skrubu yake hakuna anayekumbuka ilisetiwa wapi, mpira uliokauka, pampu iliyochoka, na yule mlinzi wa kukata petroli ameshafungwa mdomo na kile kiboksi. Kila kitu kimeshindwa kidogo kidogo na hakuna taa hata moja itakayowaka.

Ndio maana msimamo wangu, na najua kuna mafundi hawaupendi, gari iliyofanyiwa modifikesheni ukiitoa kwenye usingizi unairudisha ya kiwanda kwanza. Yaani siyo milele, ni mpaka ithibitike. Kwenye hii ya Tanga nimetoa kiboksi cha MAP, nimetoa valvu ya kuvujisha, nimetoa taima ya tabo, ile inayoiacha injini izunguke kidogo baada ya kuzima ili tabo ipoe, ambayo waya zake zilikuwa zimesokotwa kwenye waya za swichi na kufungwa kwa tepu nyeusi iliyogeuka ugoro, nimetoa na alamu ya kizamani iliyokuwa inakata stata. Waya zote za asili nimezirudisha kwa kuunga na solda na mipira ya kubana kwa joto. Panya nao walipita, lakini uharibifu wao ulikuwa mdogo kuliko wa aliyefunga redio!

Blo-ofu yake, ile valvu ya kumwaga presha ya tabo ukiachia mafuta, inayopiga "pshhh", nimeiacha. Watu wanasema kumwaga hewa nje kunaharibu hesabu ya mafuta, hiyo ni kweli kwa gari zinazopima hewa inayoingia, kwa hii inayosoma presha haina shida alimradi springi yake inafunga vizuri injini ikiwa inajizungukia. Kelele ni ladha ya mtu. Mimi binafsi siipendi ila gari siyo yangu.

Mipira yote ya vakyumu nimebadilisha, yote, nimeweka ya silikoni na klipu. Ile ya petroli pia, na iwe ya kuhimili presha ya EFI, usinunue ule wa kabureta eti kipenyo ni kile kile. Ya maji kadhalika, na hapa rejeta ilikuwa imetumiwa maji ya bomba miaka yote, yaliyotoka yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nimeoshaosha mpaka yakatoka meupe, nikaweka kulanti.

Breki sitaki kueleza sana kwa sababu inatakiwa iwe ya kwanza kwa kila mtu mwenye akili: mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewa, kwahiyo toa yote, fungua kalipa, pistoni zilizoshika safisha au badilisha, mipira ya breki ya zamani inavimba kwa ndani inabana tairi bila wewe kuona kwa nje. Klachi ilikuwa imegandana na flaiwili, imeachia yenyewe. Tairi soma namba nne za mwisho kwenye ile alama ya DOT ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho mwaka, kwa mfano 0812 ni wiki ya 8 ya 2012. Ukikuta namba tatu tu hiyo tairi ni ya kabla ya 2000, usiendeshe hata kwenda kuosha gari.

Kuwasha kwenyewe kukawa jambo dogo. Ilikohoa, ikatoa moshi wa ile oili niliyomimina, ikatulia. Nikasubiri feni iwake yenyewe, nikaangalia kama kuna maji yanavuja, halafu kwenye kiboksi cha dayagnosi pale chini ya boneti nikaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Taa ya injini kwenye dashibodi inapepesa unahesabu, hizi gari hazihitaji mashine ya laki kadhaa. Ikapepesa 31, ambayo ni sensa ya MAP. Soketi yake ilikuwa na ukijani wa kutu ya shaba, nikasafisha, nikafuta kumbukumbu, ikapepesa mfululizo bila namba, maana yake safi. Kwa waya huo huo ukiwa umeunganisha ndio unaset taiming ya cheche za plagi kwenye digrii 10 na taa ya taiming, ukisahau kuunganisha unaset uongo kwa sababu kontroli boksi inajirekebishia yenyewe.

Barabarani kikopo cha westigeti nimekiunganisha moja kwa moja na tabo, hakuna kingine katikati. Kiwandani hii gari ina busti mbili, yaani viwango viwili vya presha ya tabo, ya chini bar 0.4 na ya juu kama 0.65, na ukiunganisha hivi unapata ile ya chini. Kwahiyo unafunga geji ya busti, na kipimo cha moshi cha kuonesha mchanganyiko wa hewa na petroli, unakanyaga gia ya tatu. Geji ikisimama 0.4 ikakaa, mchanganyiko ukawa mzito, yaani petroli ya kutosha, inavyotakiwa, ujue mfumo unasikia. Ikipita hapo bila wewe kuomba, toa mguu rudi gereji. Hii ilisimama.

Na petroli, Japani ilikuwa inatumia ile ya premiamu ambayo viwango vyao vinataka okteni isipungue 96, wakati ya kawaida kwao ni 89. Usiweke ya chupa za barabarani halafu ulalamike.

Mwenyewe anataka busti irudi kama zamani. Nimemwambia kaka, 0.65 ya kiwanda nitakurudishia nikishamaliza kilomita za mwanzo na kumwaga oili mara ya pili, zaidi ya hapo tunahitaji nozeli kubwa, intakula ya mbele na kontroli boksi inayoprogramiwa, siyo skrubu. Spea za kawaida kama gasketi za chini na filta unapata Gerezani, Dar, kwa sababu zinaingiliana na 4E ya kawaida, ila pistoni, ekzozi manifoldi na vitu vya tabo vyenyewe ni kuagiza au kuvizia injini iliyotolewa kwenye gari iliyogonga. Kile kiboksi cha MAP na ile valvu vipo kwenye mfuko wa rambo, nimeuandika jina lake, atavikuta akija kuchukua gari.