Mchwa Dodoma: tunayoambiana mitaani na ukweli wake

Mwezi wa nane mwaka jana, kiangazi kikiwa kimekolea, jirani yangu hapa Ilazo aliniita nimwangalizie mlango wa chumba cha watoto ulioanza kubana. Fremu yake ilikuwa imepakwa rangi vizuri, inang'aa. Nikaiminya kwa dole gumba karibu na sakafu, kidole kikazama chote. Ndani hapakuwa na mbao tena. Palijaa udongo mwekundu, mbichi, uliopangwa tabaka kwa tabaka, na mchwa weupe wakikimbilia gizani. Fremu ile ilikuwa imeshikiliwa na rangi tu.

Bidii hakukosa. Alishapaka oili chafu mara mbili, akamwaga majivu, na kuna fundi alimlipa pesa nzuri. Kilichomponza ni yale tunayoambiana kila siku.

"Mchwa wanaishi kwenye mbao"

Hili ndilo kosa linalozaa mengine yote. Mchwa wanaotuharibia nyumba huku kanda ya kati makao yao ni ardhini, na mbao wanazijia kama shamba la kuvuna. Wale wa vichuguu na jamaa zao wanaofunika miti kwa maganda ya udongo wanaitafuna mbao, wanarudi nayo kiotani, na kwa kinyesi chao wanajenga bustani ya kuvu ambayo ndiyo chakula cha kundi zima. Ule uyoga unaochipuka kwenye vichuguu mvua zikianza unatoka kwenye bustani hizo.

Njia zao za chini kwa chini zinaweza kufika makumi ya mita kutoka kiotani. Kwa hiyo ukipulizia fremu umewaua waliokuwa zamu siku hiyo. Kiota kipo, njia ipo, na wiki ijayo watakuja wengine.

"Nyumba yangu ni ya tofali na saruji, haina shida"

Saruji hawali, ila wanapita. Ufa mwembamba tu unawatosha. Wanapenda kiungo cha jamvi, lile zege la sakafu, na ukuta, pembeni mwa bomba la choo linapotoboa sakafu, na popote kifusi kilipowekwa bila kushindiliwa, jamvi likashuka na kupasuka. Kutoka hapo wanapanda nyuma ya plasta mpaka kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Dari la jipsamu nalo limefunikwa karatasi pande zote mbili, na karatasi kwao ni chakula kama mbao. Vyeti ulivyoweka kwenye boksi chini ya kitanda ni hivyo hivyo.

Kwenye tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, nguzo zinaonekana, na kijia cha udongo kikianza kupanda mtu anakiona na kukikwangua. Sisi tumezifunika mbao zetu, kwa hiyo tunagundua mambo yameshaharibika.

"Mninga hauliwi, na mbao za kijani haziliwi"

Kiini cha mninga, ile sehemu ya kahawia, kinawashinda kweli. Ile nyeupe ya pembeni wanaila kama mbao nyingine. Usikubali fremu yenye weupe ukaambiwa ni mninga mtupu.

Mbao za paini zilizotiwa dawa kiwandani huwa na rangi ya kijani iliyoingia ndani. Kabla ya kulipa, omba wakukatie kipande kidogo. Ukiona kijani kimeishia juu kama ngozi na ndani ni nyeupe tupu, hiyo imepakwa tu. Hata iliyo nzuri, fundi akiikata kwenye kenchi lazima mkato upakwe dawa, maana amefungua mlango mpya. Na nawaomba sana akina mama wanaookota vipande site: msivipikie. Dawa ya kijani inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki. Moshi wake na majivu yake ni sumu.

"Oili chafu ndiyo dawa ya uhakika"

Oili haiingii ndani ya mbao kwa kina. Inawakera kwa muda, ikikauka wanajenga kijia cha udongo juu yake na kuendelea na safari. Wakati huo wewe umemwaga kwenye udongo wako madini yaliyosuguliwa na injini, pale pale watoto wanapochezea na kuku wanapochakura, na kama una kisima karibu ndiyo mbaya zaidi. Umeongeza pia hatari ya moto. Kwa ubaya wote huo, nyumba bado inaliwa. Majivu na chumvi angalau havina madhara makubwa, lakini havizuii kitu.

"Ukimtoa malkia umemaliza"

Malkia wa kichuguu kikubwa anaweza kutaga maelfu ya mayai kwa siku na kuishi miaka mingi. Ukichimba kweli mpaka kwenye chumba chake kigumu cha udongo ukamtoa, kichuguu hicho kinaweza kufa, ingawa yapo makundi yenye malkia zaidi ya mmoja. Lakini mchwa wengi wanaokula nyumba hawana kichuguu kinachoonekana juu, na kichuguu kilicho uani kwako huenda si chao kabisa. Ukinunua kiwanja chenye kichuguu pale msingi unapopita, chimba chote, jaza na ushindilie, kwa sababu chini yake kuna mapango na sakafu itakaa hewani. Udongo wake usiutupe, unafyatua matofali mazuri.

"Kumbikumbi ni wadudu wengine"

Ni mchwa haohao wenye mbawa, wanaotoka kwenda kuanzisha makundi mapya. Mvua za kwanza zikinyesha kwetu, kati ya Novemba na Desemba, zima taa uangalie wanatoka wapi. Waliovutwa na mwanga kutoka nje usiwahangaikie, kaanga ule. Wakitoka kwenye ufa wa sakafu au chini ya fremu, basi kiota kiko chini ya nyumba yako.

Na ukikuta unga laini chini ya kabati, na vitundu vidogo kwenye mbao juu yake, huyo si mchwa, ni bungua, mdudu mwingine anayetoboa mbao. Dawa ya udongo haimgusi.

"Dawa ni dawa, ilimradi imepigwa"

Hapa ndipo pesa za watu zinapoteketea. Wakati mzuri kuliko wote ni kabla ya kumwaga jamvi, kifusi kikiwa kimeshindiliwa na nailoni haijatandikwa. Lebo za dawa nyingi zinataka lita 4 hadi 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba. Nyumba ya mita za mraba 100 inahitaji lita 400 mpaka 500. Yule fundi wa jirani yangu alikuja na bomba moja la mgongoni, lita 16, akazunguka nyumba nzima na kuondoka. Dawa ilikuwepo, na harufu ilikuwepo, ila udongo haukulowa.

Dawa zenyewe ziko za namna mbili. Ziko za kufukuza, kama bifenthrini, ambazo mchwa akizihisi anageuka. Zikiacha pengo dogo atalitafuta mpaka alipate. Ziko ambazo mchwa hawezi kuzihisi, kama fipronili na imidaklopridi. Anapita, anajipaka, anakwenda kuwaambukiza wenzake. Kwa nyumba iliyokwisha jengwa mimi ningechagua hizi za pili: mtaro unachimbwa kuzunguka msingi kwa nje, kwa ndani sakafu inatobolewa kufuata ukuta, dawa inamiminwa ishuke. Kinga hiyo hudumu miaka kadhaa tu. Atakayekuahidi ya maisha usimwamini.

Ukiletewa chupa isiyo na lebo, kataa. Diedrini na aldrini, zilizosifiwa na wazee wetu kwa ukali, zimo kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001 wa kukomesha sumu zisizooza haraka. Viuatilifu nchini vinasajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kwa hiyo uliza namba ya usajili. Kama kuna kisima, fundi aambiwe kabla ya kuchanganya chochote. Dumu likiisha litobolewe, lisije likachotewa maji.

Kwa jirani tulianza na maji. Bomba la bafuni lilikuwa linavuja, na bustani ya maua ilikuwa imebanana na ukuta, inamwagiliwa kila jioni. Kiangazi cha Dodoma unyevu kama huo unawaita. Tukaziba bomba, tukahamisha maua, tukafukua mabanzi ya mbao yaliyotumika kumwagia jamvi yakaachwa kwenye kifusi, ndipo fundi mwingine akaja na mapipa matatu. Kijia kimoja nyuma ya stoo tulikiacha makusudi. Nilikivunja katikati upana wa vidole viwili, nikaandika tarehe ukutani kwa penseli. Wakiwepo hukiziba ndani ya siku chache. Jana nimepita kukiangalia, pengo liko wazi.