Je, wajua? Mjasiriamali si lazima awe jasiri

Neno lenyewe ndilo lililonipotosha. Mjasiriamali: jasiri, halafu mali. Ukilisoma lilivyoundwa, unamwona mtu aliyetunisha kifua, anajitosa huku wenzake wakichungulia. Basi siku nilipojaza dodoso la kujipima kama nina sifa za ujasiriamali, nikafika kwenye kauli "Niko tayari kujitosa hata nisipojua mwisho wake", nikatia alama kwenye "sikubaliani kabisa". Mimi huhesabu chenji mara mbili. Dodoso likanipa alama za chini na kunishauri nitafute ajira. Nikaliamini kwa miaka.

Kosa langu, na la dodoso, lilikuwa kudhani kwamba wanaoanzisha biashara huipenda hatari kuliko sisi wengine. Dhana hii ina mizizi mirefu. Richard Cantillon, ambaye maandishi yake ya uchumi yalichapishwa mwaka 1755, alimweleza mjasiriamali kama mtu anayenunua kwa bei anayoijua ili auze kwa bei asiyoijua. Lakini hapo hatari imo ndani ya kazi. Hakuna palipoandikwa kwamba mwenye kazi anaifurahia. Mkulima naye anaitegemea mvua asiyoweza kuiamuru, na sijasikia mkulima akisifiwa kwa kupenda ukame.

David McClelland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza hamu ya mafanikio, alieleza mchezo mmoja mwepesi: unarusha pete ili ikivae kijiti kilichosimamishwa, na mahali pa kusimama unachagua mwenyewe. Wapo waliosogea karibu hadi kukosa ikawa kazi. Wapo waliorudi nyuma mno, pete ikiingia ni bahati tu. Wenye hamu kubwa ya kufanikiwa, ambao McClelland aliwahusisha na ujasiriamali, walisimama katikati: mbali kiasi cha kuweza kukosa, karibu kiasi kwamba ustadi wa mkono una maana.

Mwaka 1995 Leslie Palich na Ray Bagby wakaligusa jambo hili kwa njia nyingine. Waliwapa wajasiriamali na wasio wajasiriamali maelezo yaleyale ya hali za kibiashara zenye utata. Kwenye kipimo cha kupenda hatari, makundi hayo hayakutofautiana. Yalitofautiana kwenye usomaji: palepale wengine walipoona tishio, wajasiriamali waliona zaidi fursa.

Fikiria watu wawili ukingoni mwa mto. Wa kwanza anaona maji ya tope yanayokwenda kasi, basi. Wa pili amekwisha kufika hapo mara kadhaa na ana fimbo mkononi. Ameichomeka karibu na lile jiwe, ikazama nusu. Jana alimwona punda akivuka, maji yakimfika tumboni. Anapoingia, wa kwanza anamwita jasiri, naye anashangaa, maana kwake hayo ni maji ya kiunoni. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, huyu ameyafika. Kwa mtazamaji huo ni ujasiri. Kwa mvukaji ni hesabu ya fimbo.

Tatizo ni kwamba fimbo nayo hukosea. Mwaka 1988 Arnold Cooper na wenzake walichapisha majibu ya wajasiriamali 2,994 wa Marekani: asilimia 81 walijipa nafasi ya kufaulu ya 7 kati ya 10 au zaidi, na asilimia 33 wakajipa 10 kati ya 10. Walipoulizwa kuhusu biashara za wengine zinazofanana na zao, makadirio yakashuka. Hao wa 10 kwa 10 nashuku fimbo waliiacha nyumbani.

Wala mjadala haujafungwa. Wayne Stewart na Philip Roth walijumlisha tafiti za awali mwaka 2001, wakaona wajasiriamali wanawazidi mameneja katika utayari wa kujihatarisha. Mwaka 2004 John Miner na Nambury Raju wakaongeza tafiti nyingine, na jibu likageuka. Tena, wanaopimwa mara nyingi wameshaingia kwenye biashara, na huenda kazi yenyewe ndiyo iliyowabadilisha.

Kilichonifariji mimi mhesabu chenji ni matokeo ya Joseph Raffiee na Jie Feng ya mwaka 2014, pia kutoka Marekani. Walioanza biashara huku wakishikilia ajira, wakaiacha baadaye, uwezekano wa biashara zao kufa ulikuwa pungufu kwa asilimia 33 kuliko wa walioacha kazi papo hapo. Na waliopenda kupitia mlango huo walikuwa hasa waoga wa hatari.

Kisha kuna Togo. Huko, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uligawa wenye biashara ndogo 1,500 katika makundi matatu, moja likiachwa bila mafunzo ili yale mengine yalinganishwe nalo. Kundi lililofundishwa kujituma, yaani kuanza jambo bila kusubiri kuambiwa na kutokata tamaa kikwazo kinapotokea, lilipata ongezeko la faida la asilimia 30. Kundi la mafunzo ya kawaida ya biashara lilipata asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu huwezi kukitofautisha na sifuri. Maana yake sifa yenyewe inafundishika. Dodoso langu halikuuliza lolote kuhusu kujituma. Liliuliza kama ningependa kuruka kwa parachuti.