Je, wajua kwa nini dawa ya saratani hufungwa ndani ya mafuta?

Miaka michache iliyopita shangazi yangu wa Tukuyu alikuwa akipanda basi Mbeya kila baada ya wiki tatu, zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam, kuwekewa dripu ya dosetaxeli kwa saratani ya matiti. Dripu yenyewe ni kama saa moja tu. Siku moja alirudi hoi, plasta bado iko mkononi, akaniuliza: "Mwanangu, kwani hii dawa haina vidonge, nikamezea hapahapa nyumbani?"

Swali lake lina haki kabisa. Tatizo ni kwamba dosetaxeli ikimezwa, sehemu kubwa hupotea njiani. Haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ikifika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, hukuta protini zinazofanya kazi kama pampu, zinaitema irudi ilikotoka. Inayofanikiwa kupenya huvunjwavunjwa na vimeng'enya, kwanza kwenye ukuta huohuo, halafu kwenye ini, maana damu ya utumbo hupitia ini kabla ya kuzunguka mwilini.

Ila mafuta mengi tunayokula yana njia yake.

Chukua parachichi la Rungwe. Molekuli ya mafuta yake ina minyororo mitatu mirefu iliyoshikizwa kwenye kipande kimoja cha gliseroli. Lipasi, kimeng'enya cha kongosho, hukata mnyororo wa kwanza na wa tatu na kuuacha wa kati. Seli za utumbo hukipokea kilichobaki, hukirudishia minyororo miwili, kisha hufungasha mafuta hayo katika vitone viitwavyo kailomikroni. Vitone hivi ni vikubwa mno kupenya vishipa vya damu, kwa hiyo huingia mishipa ya limfu, hupanda kifuani na kumwagikia damuni karibu na shingo, upande wa kushoto. Ini limekwepwa. Mwaka 1622 daktari wa Italia, Gaspare Aselli, alimpasua mbwa aliyekuwa ametoka kula, akaona nyuzi nyeupe kama maziwa zimetanda tumboni. Ilikuwa ni mishipa hiyohiyo, imejaa mafuta ya chakula.

Sasa ujanja wenyewe: wanakemia huuondoa mnyororo wa kati na kuiweka dawa mahali pake. Lipasi inakata pembeni kama kawaida, na dawa inapita ikiwa imevaa mafuta.

Kazi ngumu ni kuifungua. Ikifunguka mapema utumboni, inarudi mikononi mwa pampu. Isipofunguka kabisa, haitibu chochote. Watafiti wa Shenyang, China, walioandika mwaka 2019, waliifunga dosetaxeli kwa daraja la atomi mbili za salfa, ambalo hukatwa na glutathioni, kemikali iliyo nyingi ndani ya seli za saratani.

Majaribio hayo yalikuwa kwa wanyama, na dosetaxeli ya aina hiyo haijafika wodini. Lakini njia ya limfu si ndoto: mwaka 2019 Marekani iliidhinisha vidonge vya homoni, testosteroni andekanoati, vinavyopita humo, navyo lazima vimezwe pamoja na chakula.

Nilipomweleza shangazi kwamba huenda dawa ya namna hiyo ikahitaji kuliwa na kitu chenye mafuta, alinyoosha kidole uani. "Parachichi lipo," akasema. "Walete hivyo vidonge."